Shukrani za Wazee kwa Direkta Anayetuacha

Mheshimiwa mwakilishi wa serikali ya komini, waheshimiwa wajumbe wa kamati ya Nyumba ya Pumziko, Baba Padri na Sheikh mliokubali kukaa meza moja, ndugu wageni mliotoka Bujumbura na ninyi wa hapa hapa Rumonge, wafanyakazi wote, na ninyi wazee wenzangu mliopangwa nyuma kabisa kule juani ili msisumbuliwe na kivuli: amahoro, na asalaam aleikum.

Mimi naitwa Thuwaiba binti Hamdan. Wengi wenu mlinunua vitenge dukani kwangu kabla miguu haijanileta kuishi hapa. Leo nimeombwa, kwa niaba ya wazee, nimshukuru Direkta wetu, Bwana Modeste, anayetuacha kwenda kuongoza nyumba kubwa zaidi kule Bujumbura. Nimeambiwa niseme mafupi na niseme mazuri. Hayo mafupi siyaahidi.

Ndugu wageni, Direkta alipofika alitukuta tunaishi ovyo. Tulikuwa tunaamka tunapotaka, tunatembea hadi ukingoni mwa ziwa, tunabishana, tunaunga wenyewe vidagaa vyetu vya ndagala kwa mawese ya Kigwena mpaka nyumba nzima inanukia. Nani angevumilia fujo kama hiyo? Akaikomesha. Akatupa pumziko, na ni pumziko kweli: kitanda asubuhi, kitanda mchana, uji usiomchosha mtu kwa kutafuna, na kengele kando ya mto, ambayo ukiipiga hakuna anayekuja, ili ujifunze subira. Niambieni, kuna shule gani ya subira iliyo bora kuliko kulala umelowa huku unasikia redio ya ofisini inavyoimba vizuri?

Lakini sifa za jumla hazitoshi. Acheni niwaeleze alivyomhudumia mwenzangu wa chumbani, Mama Cibalonza, yule pale mwenye kilemba cha kijani.

Mama Cibalonza alivuka kutoka Kivu Kusini wakati wa vita, akauza ndagala ufukweni Magara mpaka nywele zikawa nyeupe. Si mtu wa kukaa. Siku moja mvua iliingia koridoni, akateleza, goti likavimba. Hakuvunjika kitu. Direkta akaja mwenyewe, akamwambia kwa upole, "Mama, kuanzia leo hutatembea tena. Tunakulinda usianguke." Akachukua fimbo ya kutembelea ya mwenzangu, akaenda kuiweka ofisini. Jamani, kuna ulinzi unaozidi huo? Aliyelazwa hawezi kuanguka! Nashangaa mpaka leo hospitali hazijauiga ujuzi huu.

Basi akalala. Wiki zikapita. Nyonga ikawa nyekundu, kisha ikachubuka, kisha ikawa kidonda ambacho mimi, niliyezaa na kuzika, nilishindwa kukitazama. Alikuwa akiniambia, "Dada Thuwaiba, miye najisikia kuoza na ningali muzima." Nikamfuata Direkta. Alinisikiliza vizuri sana, hata simu yake aliiweka chini. Akasema, "Mama Thuwaiba, mzee akilalamika ni dalili kwamba bado ana nguvu." Nikarudi chumbani nikampelekea mwenzangu habari hizo njema, kwamba ana nguvu. Alinitazama, akageuzia uso ukutani.

Kisha wafadhili wakatangaza kwamba watatutembelea. Laiti mngeiona ile bidii! Ukuta wa mbele ukapakwa rangi. Wa mbele tu, maana wageni hawana tabia ya kuzunguka nyuma. Shuka mpya zikatandikwa, samaki wa mikeke wakachomwa kwa ajili ya wageni, nasi tukaruhusiwa kuwanusa. Tukaogeshwa kwa sabuni ya maua, tukapangwa barazani. Na chumba chetu kikafungwa kwa ufunguo, Mama Cibalonza akiwa ndani.

Wageni wakafika koridoni, nasi wazee wachache tukiwafuata. Direkta alikuwa anawaeleza, kwa Kifaransa kilichonyooka, jinsi heshima ya mzee ilivyo moyo wa kazi yake, mara tukasikia kikombe cha bati kinagongwa kwenye chuma cha kitanda. Ko, ko, ko. Na sauti: "Nasikia wageni! Na miye niko mutu! Munifungulie!"

Direkta akatabasamu. "Ni mama mmoja aliyechanganyikiwa kidogo. Amelala."

"Aliyelala anagonga?" akauliza mgeni mmoja, mwanamke mfupi mwenye miwani.

Mimi sikuwa nimepanga kusema kitu. Wageni wangepanda gari lao, na mimi ningebaki hapa na uji wangu na kengele yangu. Lakini nikasema, "Hajachanganyikiwa. Anaitwa Cibalonza, na ana kidonda."

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa muuguzi wetu, Esperance. Sote tulijua. Direkta akamgeukia, akamwuliza taratibu, "Esperance, ule ufunguo ulipotea, sivyo?"

Esperance ana watoto, na nyumba anayolala ni ya kupanga. Akaingiza mkono mfukoni. "Hapana, Direkta," akasema. "Uko hapa." Akafungua.

Sitawaeleza harufu iliyotoka mle. Kuna keki inatusubiri. Yule mgeni alipiga magoti kando ya kitanda, akainua shuka, akairudisha polepole, akamshika Mama Cibalonza mkono. Siku ile ile mwenzangu akapelekwa hospitali. Mpwa wake Aksanti akaja kutoka Kabezi kumwuguza. Kidonda kilichukua muda, lakini kilifunga, na leo mnamwona amekaa kitini kama mtu.

Na haki je, ilitendeka? Kabisa! Kamati ilikutana, ikatambua kwamba mtu mwenye uzoefu kama wa Direkta wetu si wa kupotezwa, ikampa nyumba yenye vitanda vingi zaidi. Tunawapongeza wazee wa Bujumbura. Esperance naye hakusahauliwa: alifukuzwa kazi, kwa kosa la kufungua mlango mbele ya wageni.

Naona Direkta anaangalia saa. Namaliza, Bwana Modeste, namaliza. Safari njema, na huko uendako ukifika uzeeni, Mungu akujalie huduma ile ile uliyotupa sisi. Sina dua kubwa kuliko hiyo.

Sasa nina neno na wewe, Madamu Rachelle, unayeshika kazi ya Direkta leo. Hili nalisema bila mzaha. Hatukuombi rangi wala shuka. Tunaomba mtu anayekuja tukimwita. Tulikuwa naye: kikombe cha bati kilipogonga, yeye ndiye aliyefungua. Tumemwalika katika sherehe hii, na tangu asubuhi amesimama nje ya lango, kwa sababu mlinzi ameambiwa asimruhusu kuingia.

Kwa hiyo mimi na Mama Cibalonza tunakwenda kumpokea, sasa hivi. Kaka Amur, mzee mwenzangu, mshike Mama Cibalonza mkono ule mwingine. Wazee wenzangu, anayeweza kusimama asimame. Asiyeweza atulie, tutamleta Esperance mpaka kwenye kiti chake. Lango lile ni zito, Madamu Rachelle, na sisi nguvu hatuna. Ukitangulia wewe kulisukuma, tutajua tumepata direkta.

Murakoze cane, na asanteni nyote mlionivumilia mpaka neno la mwisho.