Mzee Nyamongo na Nyota Iliyopigwa Pampu

Leo Ijumaa, tarehe 28 Novemba 1997, Mzee Jared Nyamongo anastaafu baada ya miaka ishirini na sita katika maabara ya shule yetu hapa Mbita. Anaacha kila chupa na kifuniko chake, na daftari moja lililotukosesha raha mwezi mzima.

Daftari hilo ni la Kapela, nyota ya manjano ya upande wa kaskazini. Tangu mwaka 1984, alipoitoa darubini mbovu stoo akaitengeneza, Mzee ameandika mng'ao na rangi ya nyota hiyo kila jioni inapoonekana. Atakueleza, hata usipomwuliza, kwamba rangi yake inakaribia ya jua letu ingawa inalizidi kwa ukubwa mara nyingi. Kwamba hasa ni nyota mbili, zinazozungukana kwa ukaribu kiasi kwamba darubini yetu haiwezi kuzitenganisha. Na kwamba mwanga tunaouona leo ulitoka huko miaka arobaini na miwili iliyopita, yeye akiwa bado anachunga mbuzi Nyamira.

Ila Ijumaa haandiki. Jua likitua Sabato imeingia, na Mzee hashiki kalamu. Nafasi za Ijumaa hujazwa na Bi. Awino wa Fizikia, Mkatoliki, binti wa mvuvi wa omena, dagaa wa ziwa letu, kutoka kisiwa cha Takawiri.

Ndiyo maana hatuisahau Novemba 1991. Kwa siku nne Mzee aliandika kwamba Kapela inafifia, kisha inang'aa ghafla. Alitangaza gwarideni, na barua ya kwenda kwa wataalamu wa nyota Nairobi ikawa tayari ndani ya bahasha. Ijumaa Bi. Awino alitazama mara moja tu, akaandika kwa wino mwekundu: "Hii ni karabai ya wavuvi wa omena. Ikififia, inapigwa pampu." Mzee alinuna wiki nzima. Bahasha aliichana, lakini ukurasa ule hakuugusa.

Mwezi huu mwalimu mkuu alisema asipopatikana wa kuendeleza daftari, darubini itarudi stoo. Mzee alizidi tu kuifuta lenzi, na sisi tukaumia kumtazama. Jumatatu alimwita Bi. Awino, akamkabidhi ufunguo wa maabara.

"Sitaki wa kunisifu," alimwambia. "Nataka yule aliyeniambia ni taa."

Jioni ya leo ni ya Bi. Awino, kama Ijumaa zote. Kuanzia sasa jioni nyingine zote nazo ni zake, hata Jumapili.

Asante kwa kila mstari, Mzee. Pumzika vyema Nyamira, na afya isikupungukie. Ukiiona Kapela inafifia ghafla, tuandikie sisi kwanza kabla ya Nairobi.