Kinanda Kilichopalilia Mtama

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Ninyi wadogo, shikamoo zenu nilizipokea pale mlangoni, msianze upya, tutakaa hapa mpaka jua lizame.

Mzee wa kanisa ameniomba nisimame mbele yenu kwa sababu ya ubishi wa Jumapili iliyopita. Mnaukumbuka, maana wengine mliondoka hapa mmenuniana. Jirani yetu amenunua redio, ile ya betri kubwa, na mtu akitaka kuketi barazani kwake kusikiliza habari na nyimbo anapeleka yai au kibaba cha mtama. Wapo waliosema hiyo ni anasa tupu, na kwamba mwanamume ambaye mke wake yuko kitandani tangu mvua zianze hana haki ya kuweka anasa nyumbani. Wapo waliosema siku hizi redio ni kama chumvi, nyumba bila hiyo haina ladha. Mwisho mkanigeukia mimi. Mkasema, muulizeni yule mama, yeye ndiye mwenye kinanda cha santuri.

Ni kweli ninacho. Leo nitawaeleza kilinifanyia nini, na mnivumilie nikijisifu kidogo. Nimengoja miaka mingi mtu mwingine anisifu, naona kila mmoja ana shughuli zake.

Marehemu mume wangu alifanya kazi mgodini, kule Sekenke. Wenzake walirudi na mablanketi, mmoja alirudi na baiskeli. Yeye alipanda ule mlima wote akiwa na sanduku jeusi kichwani. Lina mfuniko, lina mkono ubavuni wa kulitia ufunguo, na sahani zake za santuri alizifunga ndani ya shuka kama anayebeba mtoto mchanga. Mama mkwe wangu alilizunguka lile sanduku, akaliangalia, akamuuliza, "Mwanangu, hiki kinalima au kinakamuliwa?"

"Mama, hiki kinasikilizwa."

"Haya. Basi kiweke mbali na ndama."

Jioni watu walikuja. Nyimbo zilikuwa za pwani, Kiswahili chenyewe cha haraka, sisi Wanyiramba tulishika neno moja tukaacha matatu, lakini tulifurahi. Mume wangu alikuwa anacheka kabla wimbo haujafika mahali pa kuchekesha. Kila msikilizaji alileta yai, kwa sababu sindano za kinanda ni za chuma, zinachakaa upesi, na dukani hazitolewi bure. Watu walileta mayai na hawakunung'unika. Likumbukeni hilo la mayai.

Kisha homa ikamchukua mume wangu. Ilikuwa kiangazi, kabla ya mvua. Aliniacha na watoto wawili na mimba ya wa tatu. Ndugu zangu, nawaambia, sikulia vizuri. Nilikuwa na hasira mno, nikawa nalia huku nimekunja ngumi.

Baada ya matanga ukoo ulikaa. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, ndiye aliyesema. Sitamtaja jina. Yupo hapa, na naona ameanza kukohoa, lakini sitamtaja. Alisema, "Shemeji, hatukufukuzi. Lakini shamba la ukoo haliachwi likawa pori. Ukivuna, kaa na watoto wako. Usipovuna, shamba tutalilima sisi, watoto watakuja kwangu, na wewe utarudi kwa baba yako ukapumzike."

Ukapumzike! Neno hilo liliniuma kuliko yote. Mwanamke aliyenyang'anywa watoto wake anapumzika wapi?

Akaongeza, "Na hiki kinanda ni anasa. Mwenye duka kule Kinyangiri anakitaka. Tukimpa, tutapata mbuzi wazuri."

Nikasema, "Kinanda ni cha watoto wa marehemu. Hakitoki."

Wazee walitikisa vichwa. Mjane ana njaa, amekumbatia sanduku la nyimbo! Hata mimi ningewasikia wanazungumza habari za mwingine, ningetikisa kichwa. Lakini kila nilipolitia ufunguo sanduku lile, watoto wangu walinyamaza na kutazama mlango, kama baba yao yuko njiani. Ningeuzaje kitu hicho?

Mvua ziliponyesha nilipanda mtama mwenyewe. Mtama ukaota vizuri, na mimi nikajifungua. Mnajua wenyewe magugu ya huku kwetu, hayangoji mzazi atoke ndani. Nilipotoka na mtoto mgongoni nilikuta shamba limekuwa kijani lote, na mtama wangu uko humo ndani umejificha. Nikapiga jembe siku nzima, nikageuka nyuma, nikaona nimepalilia mahali pa kulaza mbuzi tu.

Sasa, kwetu mtu akizidiwa na palizi anaalika watu. Anapika pombe, watu wanakuja na majembe, wanalima, wanakunywa, wanaondoka wakiimba. Hiyo ndiyo desturi tuliyokuta. Lakini mimi na marehemu tulibatizwa siku moja, na mbele ya kanisa hili tuliahidi kwamba chungu cha pombe hakitapikwa nyumbani kwetu. Wifi yangu mmoja alinijia kwa upole akasema, "Pika mara hii moja tu. Utatubu ukishavuna." Nikamwambia, wifi, toba sipangi kama ninavyopanga mbegu.

Ninyi wa kanisa mlikuwa wachache wakati ule, na kila mmoja alikuwa na magugu yake. Siwalaumu. Msiinamishe vichwa.

Siku hiyo nilikaa jikoni nimeshika tama. Mama mkwe akaja, akakaa kwenye kigoda, akaniuliza kuna nini. Nikamwambia sina pombe, sina watu, shamba linakwenda. Akachokonoa moto, akasema, "Wale waliokuwa wanatuletea mayai, hawana majembe?"

Ndugu zangu, nilisimama bila kujua nimesimama. Nikapita nyumba kwa nyumba. Nikasema, mjane wa fulani anaalika watu kupalilia. Hakuna pombe. Kuna santuri. Wengine walicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini waliuliza siku gani.

Siku ilipofika walikuja wengi, nami nikatembea kifua mbele. Nikaweka kinanda kivulini, chini ya mgunga ulio pembeni mwa shamba, nikatia sindano mpya ya chuma, nikafungulia. Lo! Sauti ilijaza bonde. Wakapiga jembe kidogo. Wimbo wa pili mmoja akainua jembe juu na kuanza kucheza nalo. Wa tatu, wote walikuwa chini ya mgunga. Walicheza, wakanisifu, wakamsifu marehemu, wakaenda zao. Shamba lilibaki na magugu yake, na upande ule wa mgunga mtama wangu ulikuwa umekanyagwa, umelala chini.

Shemeji alikuwa anapita njiani na ng'ombe. Akasimama, akauliza, "Shemeji, harusi ya nani?"

Niliona aibu, nawaambia ukweli. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na sanduku. Nilibeba kinanda nyumbani huku machozi yananidondoka, nikamwambia mama mkwe kwamba mwanawe mkubwa alikuwa na haki, hiki ni chombo cha anasa, acha kiende kwa mwenye duka.

Akaniuliza, "Watu walikuja?"

"Walikuja."

"Bila pombe?"

"Bila pombe."

"Basi waite tena. Mimi nimezeeka hapa, sijaona watu wakija shambani bila pombe. Unataka kuuza kitu kama hicho?"

Nikawaita tena. Lakini sindano zilikuwa zimekwisha. Ile niliyotia siku ya harusi ya shemeji, acha niiite hivyo, ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Sikuwa na namna. Nikachuma mwiba wa mgunga, ule mweupe mrefu, nikaukata kwa kisu na kuuchonga ncha, nikauingiza mahali pa sindano. Ukaimba! Ila uliimba kwa sauti ndogo, kama mtu anayesema huku ameziba mdomo kwa kiganja.

Safari hii walikuja nusu ya wale wa kwanza. Wakakaa kivulini, wakangoja. Nikafungulia. Upepo ukavuma, hawakusikia kitu. Mmoja akasema, "Mama, kiongeze." Nikamwambia hakiongezeki. Mwingine akalalamika, "Sasa tumefuata nini?" Nikaona wameanza kutafuta majembe yao ili waondoke, na mbele ya macho yangu nikawaona watoto wangu wanapelekwa kwa shemeji wakiwa na vibuyu vyao vya maziwa.

Hapo nikapiga moyo konde. Nikakibeba kinanda kichwani, nikaingia nacho ndani ya magugu, nikakiweka katikati ya shamba, juu ya kinu kidogo nilichotoka nacho nyumbani, nimekipindua. Nikatia ufunguo. Nikapaza sauti, na sauti yangu mnaijua: "Anayetaka kusikia anifuate huku! Lakini mtama wangu haukanyagwi tena. Aje akipalilia!"

Wakatazamana. Kisha mzee mmoja mfupi, Mungu amrehemu, aliyekuwa anapenda nyimbo kuliko nyama, akashusha jembe lake akaanza. Hatua kwa hatua akasogea, na kadiri alivyosogea uso ulikunjuka, kwa sababu alikuwa ameanza kushika maneno. Akacheka. Sasa wenzake wakataka kujua anachekea nini. Wakaingia mstari mzima. Wote wameinama, masikio mbele, majembe yanashuka pamoja, wakinyamazishana ili wasikie. Walipokaribia kabisa, nikanyanyua kinanda na kinu changu, nikahamia mbele zaidi.

"Aa, mama, usituonee!"

"Nifuateni!"

Wakanifuata, siku hiyo na zilizofuata. Walilima shamba lile wakikimbiza sauti kama ndama anayefuata chumvi mkononi. Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni na kichanga changu, anacheka bila meno. Jua lilikuwa kali, na santuri haipendi jua. Moja ilijikunja, mwimbaji wake akawa analia kama mbuzi anayekimbia, na hiyo ndiyo waliyoipenda kuliko zote, waliniomba niirudie mpaka nikachoka. Kuna dada mmoja wa kanisa hili aliacha palizi yake, akaja na mwavuli, akasimama kukikinga kinanda siku nzima. Uko pale nyuma, dada yangu. Sikukusahau.

Siku ya mwisho ya palizi shemeji alikuja kuangalia. Alisimama ukingoni, mikono nyuma, kama bwana shamba wa serikali. Aliona mistari misafi. Lakini nilimwona pia anavuta shingo, anatega sikio. Wimbo ulikuwa ule ambao marehemu ndugu yake alikuwa anaucheka kabla ya wakati. Akauliza, "Anasema nini huyo?"

Nikamjibu, "Shemeji, huko mbali husikii vizuri. Jembe liko pale."

Akalitazama lile jembe. Kisha akavua kanzu yake, akaitundika mtini, akaingia mstarini. Alipofika karibu, pale pa kuchekesha, hakucheka. Alisimama, akajifuta uso kwa mkono wenye udongo, akaendelea kulima. Mimi pia nilijifuta. Tangu siku hiyo sijasikia neno pumzika likitoka kinywani mwake, na sasa mnajua kwa nini anakohoa.

Nilivuna. Ghala lilijaa mpaka nikaazima vilindo vya gome vya kuwekea mtama, na mwaka huo ni mimi niliyewapa mbegu walionicheka. Watoto wangu walikulia mikononi mwangu. Yule mchanga aliyekuwa pembeni ya shamba ndiye aliyewaimbisha leo asubuhi. Na chungu cha pombe hakijapikwa nyumbani kwangu mpaka leo.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama mkwe wangu, ambaye tulimzika akiwa bado anasema kinanda kiwekwe mbali na ndama. Nawashukuru wote waliokuja na majembe, pamoja na wale waliocheza tu siku ile ya kwanza, maana bila wao nisingejua kwamba watu wanakuja. Namshukuru na shemeji yangu. Alikuwa mkali, lakini alipoona, alikubali kwamba ameona.

Sasa mnaniuliza, hivi vitu vya kusikiliza na kufurahisha, ambavyo mtu hulipia, ni hitaji au ni anasa? Mimi nasema ni hitaji, na anayetaka kununa anune. Santuri hailiwi, najua. Lakini mtama tuliokula mwaka ule ulipaliliwa na santuri. Mtu hachoki mwili peke yake. Kuna kuchoka kwingine ambako ugali haukuondoi, na mimi nilikuwa na kuchoka huko. Ila neno langu moja ni hili: kama unaketi kivulini kwa mwenzako unacheza, na shamba lake liko pale mbele linakufa, basi hiyo ni anasa, hata kama umetoa yai.

Jirani yetu mwenye redio, baba, nakuona pale karibu na dirisha. Mkeo ni mgonjwa, na mnajua wote jinsi mtama wake ulivyo sasa. Tumepita kando yake tukienda barazani kwako na mayai yetu mkononi. Mimi mwenyewe nimepita. Kesho asubuhi itoe hiyo redio nje, uiweke katikati ya shamba. Nitakuja kusikiliza. Mayai sitaleta, nitaleta jembe.