Rubani wa Kamenu Aliyejipa Ruhusa Mwenyewe

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na wale wa kule nyuma karibu na mlango, nawaona. Sitachukua muda. Mimi ni fundi wa stima, si mhubiri.

Wengi mnanijua, Baba Njeri wa Kamenu, yule wa kiwanda cha nguo. Hapa mmesikia watu wakishuhudia jinsi walivyotolewa kwenye pombe, wengine kwenye bangi. Mimi sijawahi kuonja pombe hata Krismasi. Mimi Mungu alinitoa kwenye ndege. Haya, chekeni kidogo, kisha tuendelee.

Tangu utotoni nilitaka kuwa rubani. Haikuwezekana, nikasomea umeme, na umeme umenilisha vizuri. Shida ilianza siku nilipoitwa kurekebisha waya katika ofisi moja huko Ruiru. Walikuwa wanauza kompyuta zao za zamani. Nikanunua moja, nikaileta nyumbani ikiwa imefungwa kwa blanketi kama mgonjwa, na mwenye ofisi akaniongezea diski za programu ya kurusha ndege. Ndugu zangu, huu si ule mchezo wa kupiga risasi na kuruka mashimo. Hii ni ndege na saa zake zote, ya mwinuko, ya kasi, ya mafuta. Ukisahau kushusha magurudumu, umekwisha. Safari ya saa moja unakaa hapo saa moja nzima.

Ndani ya hiyo programu hakukuwa na Kenya. Kulikuwa na mji mmoja wa Amerika kando ya ziwa. Nikauita Nairobi, na ng'ambo ya ziwa nikaiita Mombasa. Kisha nikafungua pedali ya cherehani ya mke wangu nikaiweka chini ya meza, kwa sababu rubani huongoza na miguu pia. Haikuunganishwa na kitu chochote! Mguu tu ulitaka mahali pa kukanyaga. Na Mama Njeri alikuwa akishona yunifomu za shule na hiyo cherehani. Akaanza kuzungusha gurudumu kwa mkono. Nilimwona, na nikasema moyoni, si anaweza tu.

Sasa, rubani wa kweli huongea na mnara wa uwanja wa ndege. Anaomba ruhusa ya kuruka, anaomba ruhusa ya kutua. Na mnara ukimwambia neno, hawezi kujibu "sawa" akanyamaza. Lazima alirudie hilo neno kwa mdomo wake mwenyewe, ndiyo mnara ujue amesikia. Kompyuta yangu haikuwa na mnara wa kuongea, kwa hivyo nikawa mnara mimi mwenyewe. Naomba ruhusa kwa sauti yangu, halafu naongea kwa pua kama mzungu, najipa ruhusa, halafu narudia. Nyumba za kupanga za ploti mnazijua, ukuta ni jina tu. Jirani yetu Mama Akinyi alimuuliza mke wangu, "Na huyo mzungu wenu anaenda lini? Kwani anakula nini?"

Lakini tuangalie hapo. Zaidi ya mwaka mzima niliomba ruhusa na nikajipa. Hakuna siku hata moja nilijinyima! Hata maombi yangu yalikuwa hivyo. Napiga magoti, namwambia Bwana ninachotaka, najijibu, kisha natoka nikitangaza ati Bwana amesema. Na katika hiyo nyumba mtu ambaye sikuwahi kurudia neno lake ni mke wangu. Yeye nilimjibu "mm." Akisema chumvi imeisha, mm. Akisema Njeri ametuma barua kutoka shuleni, mm. Akaanza kufunga kitambaa shingoni, na joto la Thika mnalijua. Mimi nikafikiri ni fasheni!

Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana nilikuwa hewani, narudi Nairobi. Magurudumu yameshuka, kila kitu kiko sawa. Nikaomba ruhusa ya kutua. Kabla sijageuza sauti, mnara ukajibu kutoka nyuma yangu, tena kwa Kiswahili.

"Hapana. Hujaruhusiwa."

Nilidhani ni mzaha. Mama Njeri alikuwa amesimama hapo na begi mkononi. Kumbe mwaka wote huo alikuwa anasikia, na ile kazi ya mnara anaijua kuliko mimi.

"Mnara unaongea, Baba Njeri. Rudia vile nasema. Nina uvimbe kwa shingo."

Nafikiri ni mazoea, sijui. Macho yakiwa bado kwa skrini, mdomo wangu ukasema, "Una uvimbe kwa shingo."

"Nimekwambia mara tatu."

"Umeniambia mara tatu."

"Jumatatu napasuliwa, na daktari amesema sauti inaweza kupotea."

Ngai, Mungu wangu! Ndugu zangu, "mm" ni rahisi, "mm" haina uzito. Lakini kuyabeba hayo maneno kwa mdomo wako mwenyewe! Nilifika "sauti inaweza" nikakwama.

Akasema, "Malizia. Mnara haujasikia."

Nikamalizia. Akasema anaenda kwa dada yake huko Mwihoko, kwa sababu anataka kukaa na mtu ambaye akiitwa anaitika. Hilo nalo nikalirudia, nikilia kama mtoto. Ndege ilianguka na hakuna aliyeiangalia.

Nikamwambia, "Naomba ruhusa nikusindikize." Kisha nikanyamaza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuomba kitu nikangoja jibu la mtu mwingine. Aliitazama ile pedali yake chini ya meza. Mwishowe akasema, "Mpaka stejini tu." Nikasema, "Mpaka stejini tu." Nikabeba begi mpaka stejini, akapanda matatu, nikarudi.

Nilipofika nyumbani nilirudisha pedali kwa cherehani. Nikapiga magoti nikamwambia Bwana, mponye mke wangu, sauti yake isipotee, arudi nyumbani. Nikangoja. Sikusikia kitu, na sitawadanganya hapa mbele ya madhabahu. Lakini sikujijibu. Niliinuka nikiwa na hofu yangu yote, nikamwachia Bwana jibu.

Jumatatu nilienda hospitali, nikakaa kwa benchi ya nje. Alipopitishwa aliniona. Akanionyesha kwa kidole nafasi iliyokuwa karibu na dada yake, nikahamia hapo. Nawaambia, sijawahi kufurahia kiti kama kile.

Operesheni ilienda vizuri, lakini siku ya kwanza hakutoa sauti. Ya pili, hakuna. Dada yake alikuwa ananiangalia tu. Siku ya tatu alifungua mdomo, kukatoka mkwaruzo mdogo kama wa mtu anayesugua sufuria.

"Maji."

Nikasema, "Umesema maji."

Akafunga macho, akaitikia kwa kichwa. Ndugu zangu, mimi nilibatizwa nikiwa mchanga na nimekuwa mzee wa kanisa miaka mingi, lakini nawaambia wazi, nilifunguliwa siku hiyo, nikiwa nimeshika kikombe cha plastiki.

Msifikiri alirudi nyumbani wiki hiyo. Wee! Alienda Mwihoko kupona. Kila Jumapili baada ya ibada nilienda kumwona, na kila Jumapili niliuliza kama naweza kumrudisha nyumbani. Alisema, "Bado." Nikasema, "Bado," nikanywa chai, nikaondoka. Jumapili ya sita nilikuta ameketi mlangoni. Sikuwa nimeuliza. Akasema, "Chukua begi, Baba Njeri, twende."

Hiyo nilishindwa kuirudia, akanisamehe.

Wengine waliniambia niichome ile kompyuta, ati ina pepo. Haina pepo, ina vumbi. Pepo lilikuwa kwa masikio yangu. Bado ninaruka Jumamosi kidogo, na Mama Njeri ndiye mnara. Kuna siku ananinyima ruhusa kabisa, nazima. Kwenye kwaya haimbi tena zile sauti za juu mlizozoea, anaimba na akina mama wa sauti ya chini. Bwana alinirudishia mke wangu na sauti iliyobaki, na kwangu inatosha. Namshukuru sana!

Sasa wewe ndugu, wewe dada, uliyezoea kumwomba Mungu na kujijibu mwenyewe, usiogope kusikia hapana yake. Mimi nimeambiwa hapana, nimeambiwa bado, na hakuniacha. Mwamini. Njoo hapa mbele tuombe pamoja, na tukimaliza kuomba, tunyamaze.