Unywele Mwekundu

Basi la mvuke lilikuwa linapanda Daraja la Lambeth kwa kukohoa pale mzee Tredgold alipokunja gazeti lake. "Huyo aliyekata puto la merikebu ya angani ya kwenda Dublin jana, nikimpata nitamchapa fimbo hii," alimwambia msichana aliyeketi naye. Fimbo yenyewe haikuwahi kuchapa hata paka. "Leo binti yangu anaolewa Dublin, na mimi niko hapa navuta moshi wa makaa."

"Pole, baba."

"Polisi wamekuta unywele mwekundu kwenye mshono uliokatwa."

"Hilo si ajabu. Sisi washonaji wa maputo kila mmoja hushonea unywele wake ndani, apate bahati ya kuolewa."

Msichana alivuta kofia yake chini, lakini Tredgold alikwisha kuziona nywele zake, nyekundu kama kutu.

"Kumbe ni wewe!"

Msichana hakukana. Alimwekea kiganjani kipande cha hariri ya lile puto. "Kichane."

Mzee alikivuta kwa vidole viwili, kikachanika kama mkate uliolowa chai.

"Nilimwambia msimamizi kitambaa kimeoza, akaniambia nishone ninyamaze. Nikakata mshono wangu mwenyewe, merikebu isipae. Wa wenzangu sikuugusa."

Tredgold alijiona juu ya bahari, ndani ya suti yake ya harusi, akianguka. Hata hivyo moyo ulimuuma. "Sawa, umeniokoa. Lakini mwanangu ataingia kanisani peke yake. Niombe radhi tu, binti, yaishe."

Basi lilisimama. Msichana akainuka.

"Pole nimekupa, baba. Radhi siombi."