Simaloi Philemoni, Mama Aliyeteremsha Maji Mferejini

Mama Simaloi alizaliwa Nduruma tarehe 12 Machi 1948, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Sakaya, mfugaji. Siku hizo Mferejini haikuwa na jina. Palikuwa mahali tu ambapo mfereji wa Wameru kutoka mlimani ulikutana na njia ya mifugo ya Waarusha, naye alipapita kila siku akienda shule. Alisoma hadi darasa la nne, akaitwa nyumbani kuchunga, na hilo hakulisamehe upesi.

Tarehe 7 Desemba 1968 alifunga ndoa na Philemoni, Mmeru wa kule juu, mwana wa mzee Ephraimu aliyekuwa akigawa zamu za maji. Walijenga palepale njiani, wakauza maziwa na ndizi. Wengine wakafuata, na ndivyo senta yetu ilivyoanza. Anayedai ilianzishwa na duka la babu yake, tuonane baada ya maziko.

Mwaka 1974 ukame ulibana, watu wa juu wakaufunga mfereji. Huku chini watu walianza kufungasha vyombo. Mama aling'oa nyasi chache zilizobaki mbichi, akapanda nazo mkononi hadi kwenye kikao cha wazee, kama Waarusha wa kwao wanavyofanya wakiomba amani. Kule juu nyasi ni za zizini tu.

"Mke wa Philemoni katuletea chakula cha ng'ombe," mzee mmoja alisema, wakacheka.

Mzee Ephraimu hakucheka. "Asiyejua maana haambiwi maana," alisema. Alichuma jani la isale, ambalo Mmeru akiombwa nalo msamaha hakatai, akalifunga pamoja na zile nyasi. "Haya, na hili nalo lichekeni."

Jioni hiyo maji yaliteremka, na waliofungasha wakafungua mizigo. Hadi leo zamu za maji Mferejini hufunguliwa kwa nyasi na isale. Tuna shule, zahanati, mashine za kusaga na mnada wa Jumamosi, ambako Mama aliuza maziwa mpaka miguu ilipogoma. Kila paa jipya alilisifia utadhani kaezeka yeye.

Kisukari kilimpata mwaka 2019. Bintiye Anneth alimuuguza kwake mjini, Sokon I, lakini mwaka jana Mama aliomba kurudi. "Hapa kwenu maji yako ndani ya bomba, mwanangu," alisema. "Siyasikii yakipita." Alifariki nyumbani alfajiri ya tarehe 18 Septemba 2025, dirisha la upande wa mfereji likiwa wazi.

Ameacha mume, watoto watatu, Elihuruma, Anneth na Gadiel, wajukuu, na senta nzima inayojivunia kuwa yake.

Wiki hii zamu ya maji ni ya watu wa juu, na migomba yao ina kiu. Hakuna aliyekwenda kuwaomba. Tangu alfajiri ile wameyaachia yashuke, na ndiyo yaliyopikia chakula cha msiba huu.

Pumzika, Mama Simaloi. Maji yamefika.