Saketi ya Mama Waya Iliyokataa Kurudia Mchoro

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake wa mwisho nawasomea maisha ya dada yetu, ambaye hapa mtaani hadi chuoni mlimwita Mama Waya.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1961, kwenye nyumba za reli nyuma ya karakana, mtoto wa pili wa fundi wa taa za ishara, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1968, sekondari hadi 1980, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu umeme mwaka 1983, mwanamke pekee katika darasa la watu thelathini na mmoja, tena wa kwanza kwa alama.

Januari 1984 aliajiriwa chuo kikuu kama fundi wa maabara, na tarehe 12 Juni 1988 akafunga ndoa na mpima ardhi aliyemletea kifaa chake akitengeneze mara tatu, ambaye baadaye alikiri bila haya kwamba mara mbili za mwisho kilikuwa kizima. Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka 1998 marehemu alijenga saketi yenye rezista ya kumbukumbu, yaani ile inayobana umeme kulingana na umeme uliokwisha kupita ndani yake, na mchoro wake kwenye skrini haukujirudia hata mara moja, ndipo mkuu wa idara akasema lehemu zinazoshikilia waya zimelegea, akampa wiki moja aibomoe, la sivyo arudi stoo kugawa vifaa. Dada hakuwa mtu wa kubishana, wala hakuwa wa kuyumbishwa. Tarehe 9 Oktoba aliwaita wote maabara, akazungusha nobu ya kuongeza umeme polepole, kitanzi kimoja kwenye skrini kikawa viwili, viwili vikawa vinne, kisha vurugu tupu, akairudisha nyuma, vikapungua kwa mpangilio ule ule, akawaambia kwamba lehemu iliyolegea haina adabu ya namna hiyo. Mkuu alizungusha mwenyewe mara kumi na moja, akatoka, na habari ya kubomoa haikutajwa tena. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000, jina la fundi likitangulia majina ya wahadhiri wanne, na familia hii haijaacha kutamba hadi leo.

Alianza kuugua figo Mei 2019, akafariki tarehe 17 mwezi huu, saa nne asubuhi, mabinti zake wakiwa wamemshika mikono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupokelea wageni majumbani mwenu, wafanyakazi wenzake, na mkuu wa idara mstaafu, aliyekuja jana akaomba isomwe mbele ya watu wote kwamba wiki ile aliyekosea ni yeye. Mzee wetu, ahsante sana, ila dada alikusamehe kitambo, tangu ulipozungusha mara ya tatu, hizo nane zilizobaki alikuacha uzungushe huku akijifurahisha tu.

Mama Waya, pumzika kwa amani.