Mama Kuvu na Kuvu Iliyosahau Kuua

Marehemu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, alfajiri, akawa kifungua mimba na kitinda mimba kwa mpigo, maana mama yake hakujaliwa mwingine. Mama huyo alifariki binti akiwa bado mdogo, naye akalelewa na mjomba wake, mtu hodari na mtanashati, aliyeishia darasa la saba kwa makubaliano na walimu. Wenzake walipokuwa wakiruka kamba, yeye alipanga panzi wafu dirishani, kila mmoja ndani ya kiberiti chake.

"We mtoto," mjomba akamwuliza, "umefungua makaburi humu ndani?"

Akajibu bila kugeuka, "Siwaziki, mjomba. Nangoja nimwone atakayewala."

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1973 hadi 1979, akamaliza sekondari mwaka 1985, na kupata shahada ya bayolojia mwaka 1989. Akili hiyo ilitoka ujombani, na mpaka leo hakuna aliyeleta ushahidi wa kupinga. Mwaka 1992, akiwa katika masomo ya uzamili, alikuwa akichimba udongo kwenye mteremko nyuma ya mabweni ya wanafunzi. Akakuta buu jeupe, lile linalotafuna mizizi ya mahindi mpaka shamba zima likalala kabla ya kubeba. Buu limekufa. Limekakamaa kama chaki na kuvaa ukungu wa kijani. Alikuja nalo nyumbani kiganjani, anahema.

"Mjomba, kuna kuvu inawawinda hawa! Mkulima hatanunua sumu tena."

Mjomba alimwambia alitoe mezani kwanza. Lakini tangu siku hiyo mpwa wake alikuwa na shauku moja tu duniani: kuifikisha kuvu ile shambani. Aliifanyia shahada ya uzamivu, akaipata mwaka 1997, na wanafunzi wakamwita Mama Kuvu. Jina likamganda.

Alifundisha chuo kikuu kuanzia 1997 hadi 2005. Kuvu yake iliishi kwenye vichupa ndani ya jokofu la idara, jokofu kuukuu lililonguruma kama mashine ya kusaga. Jokofu hilo ndilo lililomletea mume. Fundi wa majokofu aliitwa kulitengeneza, akawa anarudi kila wiki, hata likiwa zima.

Mjomba alimweka kitako. "Kijana, huu ni ugonjwa gani usiopona?"

"Mzee, gesi inavuja."

"Inavujia kwa mpwa wangu?"

Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1998, wakajaliwa binti mmoja, ambaye leo ni muuguzi. Fundi alikuwa mwaminifu kwa mke na kwa jokofu, na alizoea kukuta kichupa cha ukungu kimekaa kando ya siagi.

Chuo hakikuwa na shamba la majaribio wala nia ya kulipata. Kwa hiyo mwaka 2005 alijiunga na maabara ya utafiti ya kampuni ya pembejeo. Sakafu ilimeremeta, milango ilifunguka kwa kadi, na mjomba alitembea mtaani wiki nzima kana kwamba kadi ni yake. Huko kuvu ilikuzwa kwa wingi, ikilishwa sukari na pumba kwenye mapipa ya chuma. Marehemu alikuwa na utaratibu wake: kila baada ya vizazi kadhaa kuvu irudishwe kwenye buu hai, iue, ndipo ichukuliwe upya kutoka kwenye mzoga. "Mwindaji ukimpelekea sahani kila siku," alizoea kusema, "ukimrudisha porini atakaa chini aulize chakula kiko wapi."

Mwaka 2010 msimu wa kupanda ulikaribia na meneja wa uzalishaji akawa moto. "Daktari, wakulima wanasubiri. Mambo ya mabuu tutayafanya msimu ujao." Alikataa, akakataa tena, mwisho akakubali, maana shamba alilolitamani tangu 1992 lilikuwa mbele ya macho yake. Ikanyunyizwa. Mabuu yakatoka udongoni yamepakwa unga mtupu, mazima, kama yametoka saluni. Kuvu ilikuwa imesahau kuua. Mwaka 2011 kitengo kikafungwa na mapipa yakasafishwa kwa dawa. Vichupa vya asili vya chuo vilikuwa vimeshaharibika zamani, umeme ulipokatika wakati wa likizo. Alitoka getini na kichupa kimoja kwenye mkoba, nacho kilikuwa cha kuvu hiyo hiyo iliyodekezwa.

Tangu hapo hadi kuugua kwake alikuwa mshauri elekezi wa mazingira, ofisi yake chumba kimoja juu ya duka la fundi cherehani. Wateja walimlipa aandike kwamba mradi hauna madhara. Akiandika kwamba unayo, hawakumwita tena. Alizipokea kazi hizo kwa sababu zilimfikisha kwenye udongo. Kila alikotumwa alichimba pembeni kwa kijiko cha jikoni, akitafuta buu moja la kijani. Hakulipata. Mwaka 2019 akaitwa kutathmini mteremko ule ule wa nyuma ya mabweni, wanataka kupanua majengo. Alipofika, tingatinga lilikuwa limeshamaliza. "Tulitaka tu karatasi iwepo," mhandisi akamwambia. Alichimba kwenye kifusi mpaka jua likamchoma shingo. Mabuu yalikuwepo, hai, yamenona.

Januari 2023 aligundulika ana saratani ya ini, ikiwa imeshasambaa. Mwezi Mei, akiwa kitandani nyumbani, alimtuma mjomba akachimbe mabuu. Hakuna mtu wa umri ule ambaye angechimba vizuri zaidi. Alitaka kuijaribu kuvu ya kichupani mara ya mwisho, pengine ingekumbuka. Aliyapaka mwenyewe, akayafunika kwenye kopo lenye udongo na mizizi. Kila asubuhi mjomba alifunua. Moja baada ya jingine yalioza tu, meusi, bila ukungu. Likabaki moja.

"Mjomba, vipi?"

"Pumzika kwanza, mama."

"Mjomba. Wewe unajisifia kila kitu, lakini wadudu huwajui, hutaweza kunidanganya. Limekakamaa?"

Mjomba akatazama kopo. "Linakula," akasema. "Limenenepa."

"Basi imeshasahau," akasema, akageukia ukutani. Hakuuliza tena. Alifariki Jumanne, tarehe 6 Juni 2023, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Jioni ile fundi alitoa kichupa, akakisafisha, na kwa mara ya kwanza tangu waoane akalizima jokofu la nyumbani. Nyumba ikawa kimya mno. Mjomba alilirudisha buu bustanini, maana hakuna aliyejua jambo jingine la kulifanyia.

Ameacha mume, binti mmoja, na mjomba aliyetarajia kuzikwa naye, siyo kumzika. Kuvu hakuacha.

Udongo aliouchimba kwa kijiko miaka yote, nao haukumpa alichoomba, leo umlaze pole pole. Apumzike, Mama Kuvu.